Sura ya 6: Kirusi Kilichodondosha Herufi Elfu Moja

Septemba 2023, wagonjwa wenye vipele walianza kufika hospitalini Kamituga, mji wa dhahabu katika wilaya ya Mwenga, jirani na wilaya ya Fizi, mashariki mwa Kongo. Waganga wa Kongo wanaijua ndui ya nyani, au mpox kama inavyoitwa siku hizi. Binadamu wa kwanza kuthibitishwa kuwa nayo duniani alikuwa mtoto mchanga wa Basankusu, mkoani Equateur, mwaka 1970. Lakini walioonekana Kamituga hawakufanana na wagonjwa wa zamani. Wengi walikuwa watu wazima, wakiwemo wachimbaji na wanawake wanaouza miili yao kwenye baa za migodini, na vipele vyao vilikuwa zaidi sehemu za siri.

Vipele vikafutwa kwa vijiti vya pamba, sampuli zikasafirishwa hadi Kinshasa, kwenye taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, INRB, inayoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe, yule aliyekwenda Yambuku mwaka 1976 Ebola ilipotambuliwa kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo fumbo lilipoanza. Kipimo cha PCR kinachotambua kirusi cha mpox cha aina yoyote kilisema ndiyo, kipo. Kipimo cha pili, pia cha PCR, kilichotengenezwa kutambua ukoo wa kwanza wa kirusi hicho, ukoo wa Bonde la Kongo, kilinyamaza. Kirusi kilikuwa Kongo, ndani ya mwili wa Mkongomani, na kipimo cha ukoo wa Kongo hakikukiona.

Kwa mtu wa Fizi au Baraka, habari hiyo haikuwa ya mbali. Mchimbaji wa Kamituga leo anaweza kuwa mchimbaji wa Misisi mwezi ujao, na Misisi iko Fizi. Ufukweni Baraka mashua hupakia watu na ndagala kuelekea Uvira, Kalemie na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kufikia katikati ya 2024 kirusi hicho kilikuwa kimeshafika Bukavu na Uvira, na Julai kikathibitishwa Burundi. Yeyote anayeishi kwenye mwambao ule alikuwa na haki ya kuuliza: kipimo kinafanyaje kazi, na kinawezaje kunyamaza mbele ya ugonjwa uliopo?

Tuanze na kile kilichomo kwenye kijiti cha pamba. Humo mna seli za mgonjwa, bakteria wa ngozi, usaha kidogo, na virusi kama vipo. Karibu kila aina ya seli ya mtu ina DNA yenye herufi zipatazo bilioni 3 katika kila seti moja ya kromosomu. Kirusi cha mpox kina herufi 197,000 hivi. Herufi zenyewe ni nne tu, A, T, G na C, zilizopangwa juu ya mikanda miwili iliyosokotana. A ya mkanda mmoja hushikana na T ya mkanda wa pili, na G hushikana na C. Kwa hiyo ukiujua mkanda mmoja, wa pili umeshaujua. Kanuni hiyo ndiyo inayomwezesha kiumbe kuzaa kiumbe, na ndiyo ambayo PCR inaitegemea tangu mwanzo hadi mwisho.

Shida ya maabara ni uchache. Virusi vinaweza kuwa mia chache tu katikati ya bahari ya DNA ya mgonjwa mwenyewe, na hakuna chombo cha kawaida kinachoweza kuona kipande kimoja cha DNA na kukitaja jina. Mmenyuko mnyororo wa polimerasi, yaani PCR, haujaribu kukiona hicho kipande kimoja. Unakizidisha mpaka kiwe kingi kiasi cha kuonekana.

Kwenye kijaribio kidogo, mtaalamu huweka sampuli iliyosafishwa, herufi nne zikiwa huru, kimeng'enya kiitwacho polimerasi, na vianzio. Kianzio ni kipande kifupi cha DNA kilichotengenezwa kiwandani, cha herufi kama 20, kinacholingana na sehemu moja tu ya kirusi tunachokitafuta. Vianzio huwekwa vya aina mbili. Kimoja hukaa mwanzoni mwa kipande tunachokitaka, kingine mwishoni mwake kwenye mkanda wa pili, vikitazamana. Kwa nini herufi 20? Kwa sababu herufi nne zikipangwa kwenye nafasi 20 hutoa mipangilio zaidi ya trilioni moja. Mpangilio mmoja uliochaguliwa vizuri hauwezi kirahisi kujikuta kwa bahati ndani ya DNA ya mgonjwa, yenye herufi bilioni 3. Vianzio ndivyo vinavyobeba swali. Vitu vingine vyote ndani ya kijaribio havijui kama tunatafuta mpox, kipindupindu au kifua kikuu.

Kisha joto. Kijaribio hupashwa hadi nyuzi 95 hivi za Selsiasi, na mikanda miwili ya DNA huachana. Joto hushushwa mpaka kati ya nyuzi 50 na 65, na vianzio hupata nafasi ya kunata pale herufi zinapolingana. Hupandishwa tena kufikia nyuzi 72, na polimerasi hushika mwisho wa kianzio na kuanza kuunganisha herufi moja baada ya nyingine, makumi kwa sekunde, ikifuata kanuni ya A kwa T na G kwa C. Polimerasi ina ukaidi mmoja: haiwezi kuanza kunakili mahali patupu. Ni lazima ikute kianzio kimeshanata, nayo iendeleze pale kilipoishia. Basi pasipo na kianzio hapana nakala. Msomaji alishike hilo, tutalihitaji tukirudi Kamituga.

Mzunguko ukiisha, kipande kimoja kimekuwa viwili, na mashine inarudia. Viwili huwa vinne, vinne huwa vinane. Baada ya mizunguko 10 vipo 1,024. Baada ya 20 vimepita milioni moja. Baada ya 30, kama kila mzunguko ungekamilika bila upungufu, kipande kimoja kingekuwa 1,073,741,824. Kwenye kazi yenyewe upungufu haukosekani, lakini hata ukiupunguza sana ule uwezo, ndani ya saa moja au mbili kitu kisichoonekana kimekuwa kingi kupita kila kitu kingine mle ndani.

Kuna jambo ambalo maelezo mengi ya PCR huliruka, nami naliona ndilo zuri kuliko yote. Nani anaiambia polimerasi isimame? Mzunguko wa kwanza hakuna anayeiambia. Inaanzia penye kianzio na kuendelea mbele kupita mwisho tunaoutaka, hadi muda uishe. Nakala hiyo ina mwanzo sahihi lakini haina mwisho sahihi. Mzunguko wa pili, kianzio cha upande mwingine kinanata juu ya nakala hiyo, na polimerasi inanakili ikirudi nyuma hadi pale nakala ilipoanzia. Hapo hapana tena cha kunakili, kwa hiyo inaachia. Kipande kipya sasa kimekatika sawasawa pande zote mbili, na kilichokikata si mkasi. Tangu hapo vipande hivyo vifupi huzaana vyenyewe. Ile mikanda mirefu huongezeka miwili tu kila mzunguko, kwa sababu huzaliwa na ile ya asili peke yake. Baada ya mizunguko 30, kutoka kwenye molekuli moja ya mwanzo, mikanda mirefu mipya ni 60, na mifupi inahesabiwa kwa mabilioni. Vianzio viwili vimechora mpaka, na mmenyuko wote umejaa kile kilicho ndani ya mpaka.

Wazo hili lilimjia Kary Mullis, mwanakemia wa kampuni ya Cetus huko California, usiku mmoja wa 1983 akiendesha gari kwenda kwenye nyumba yake ya mashambani Mendocino. Mwaka 1993 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia, akagawana na Michael Smith. Lakini wazo la barabarani lilikuwa mbali na kipimo cha hospitali, na waliolivusha ni wenzake wa Cetus, akina Randall Saiki na Henry Erlich. Makala yao ya 1985, iliyoitambulisha mbinu hii duniani, ilihusu ugonjwa tunaoufahamu vizuri mno huku kwetu: seli mundu, ule ambao Kongo mgonjwa wake huitwa SS. Ugonjwa huo hutokana na herufi moja tu, A iliyogeuka kuwa T ndani ya jeni la damu. Kila mzazi wa Kivu aliyewahi kubeba mtoto mwenye SS akilia kwa maumivu ya mifupa anapaswa kujua kwamba kazi ya kwanza iliyotangazwa ya PCR ilikuwa kuitafuta herufi hiyo.

Siku hizo mbinu ilichosha. Polimerasi waliyotumia ilitoka kwa bakteria wa kawaida wa tumboni, na joto la nyuzi 95 liliiua kila mzunguko. Mtaalamu alilazimika kufungua kijaribio na kuongeza nyingine, mara ishirini, mara thelathini. Ukombozi ulitoka kwenye maji ya moto. Katika miaka ya 1960 Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walikuwa wamegundua bakteria wanaoishi kwenye chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, wakawaita *Thermus aquaticus*. Polimerasi ya bakteria hao, Taq, haiharibiki kwa joto linalotenganisha DNA. Ilipoanza kutumika kwenye PCR, ikatangazwa mwaka 1988, kijaribio kikaweza kufungwa na kuachwa ndani ya mashine. Brock hakuwa akitafuta kipimo cha ugonjwa wowote. Alitaka kujua nini kinaweza kuishi ndani ya maji ya moto kiasi kile, na udadisi huo ndio uliowezesha PCR kutoka kwenye mikono ya wachache.

Kufungwa kwa kijaribio kuna faida nyingine. Kijaribio chenye nakala bilioni moja kikifunguliwa ovyo, tone lisiloonekana linaweza kuchafua meza nzima, na sampuli ya kesho ya mtu asiye na ugonjwa ikaonekana ina ugonjwa. Ndiyo maana maabara za PCR huwa na vyumba tofauti, kimoja cha kutayarishia na kingine cha kunakilia, na kila kundi la sampuli huenda na kijaribio cha maji matupu ambacho lazima kibaki kimya. Kikisema ndiyo, majibu yote ya siku ile hutupwa.

Jibu lenyewe siku hizi husomwa kwa mwanga. Pamoja na vianzio huwekwa kipande cha tatu, kitambuzi, kinachonata katikati ya eneo linalonakiliwa na kung'aa kila nakala inapotengenezwa. Mashine huhesabu mzunguko ambao mwanga umevuka kiwango kilichowekwa. Mwanga ukionekana mzunguko wa 18, kirusi kilikuwa kingi kwenye kijiti cha pamba. Ukionekana wa 36, kilikuwa kidogo sana. Tofauti ya mizunguko 10 ni tofauti ya mara elfu moja hivi. Namba hiyo hufichwa mara nyingi nyuma ya neno "chanya", na mgonjwa huondoka bila kujua kama alikuwa amejaa virusi au alikuwa na mabaki.

Mabaki, naam, kwa sababu PCR haiulizi kama kirusi ki hai. DNA ya kijidudu kilichokufa jana inanakilika sawa na ya kilicho hai. Mwambao wa Fizi na Baraka ni nchi ya kipindupindu cha kudumu, na wanaochunguza maji ya ziwa wanalijua vizuri suala hili: PCR inaweza kutafuta jeni la sumu na kumtenga bakteria wa kipindupindu chenyewe na jamaa zake wasiodhuru, lakini haitakuambia kama huyo aliyeonekana angeweza kumuumiza mnywaji. Na baadhi ya virusi havina DNA kabisa. Ebola ina RNA, kwa hiyo ilipofika Mwenga Agosti 2019 kutokana na mlipuko wa Kivu Kaskazini, kipimo kilihitaji kimeng'enya cha ziada cha kuigeuza RNA kuwa DNA kwanza, halafu mizunguko ndipo ianze.

Sasa turudi kwenye kipimo kilichonyamaza.

Kirusi cha Kamituga kilipopimwa herufi kwa herufi, ilionekana kwamba ni cha ukoo wa kwanza kweli, lakini cha tawi jipya, ambalo baadaye liliitwa Ib. Katika safari zake kilikuwa kimedondosha kipande cha herufi zaidi kidogo ya 1,000. Kirusi hakikuumia kwa hasara hiyo, kiliendelea kuambukiza. Ila ndani ya kipande kile ndimo vianzio vya kipimo cha ukoo wa kwanza vilipopaswa kunata. Kipimo kile kilibuniwa Marekani zaidi ya miaka kumi kabla, kwa virusi vilivyojulikana wakati ule. Vianzio vikazunguka kwenye kijaribio mizunguko yote arobaini bila kupata pa kunata, polimerasi ikakosa pa kuanzia, mwanga haukuwaka. Ukisimama soko la Baraka ukaita "Amisi!" na asiitike mtu, umejua tu kwamba hakuna anayeitika jina hilo. Huwezi kurudi nyumbani ukasema soko lilikuwa tupu.

Hatari ilikuwa kubwa kuliko kosa la maabara. Mwaka 2022 ukoo wa pili wa mpox, ambao kwa kawaida huua wachache zaidi, ulikuwa umesambaa duniani kwa njia ya ngono. Mtu aliyeona kipimo cha ukoo wa kwanza kimekaa kimya, na wagonjwa wenye vipele sehemu za siri, angeweza kabisa kuandika kwamba ukoo wa pili umeingia Kongo, na kuwashauri waganga wa Kamituga vibaya. Kilichookoa ni kwamba watafiti hawakutegemea swali moja. Kipimo cha jumla, chenye vianzio vinavyonata mahali pengine, kilisema ndiyo. Kutofautiana kwa majibu kukawafanya watafiti wa Kongo na wenzao wa nje kusoma DNA nzima. Katika herufi hizo wakaona pia alama ambazo mwili wa binadamu huacha kwenye kirusi unapopambana nacho, nyingi kiasi cha kuonyesha kwamba ugonjwa ulikuwa ukipita kutoka mtu hadi mtu. Agosti 13, 2024, Africa CDC ilitangaza dharura ya afya kwa bara zima, na siku iliyofuata Shirika la Afya Duniani likatangaza ya kimataifa.

Mwaka huohuo kilichapishwa kipimo kipya kwa ajili ya tawi la Ib, nacho kinatumia upotevu uleule. Vianzio viwili vimewekwa pande mbili za pengo. Kwenye kirusi cha zamani vinakaa mbali mno, zaidi ya herufi elfu moja kati yao, na muda mfupi wa kila mzunguko hauvitoshi. Kwenye kirusi cha Kamituga pengo limevisogeza karibu, kipande kifupi kinanakilika, mwanga unawaka.

Lakini kipimo kizuri kikiwa Kinshasa, kwa Baraka bado ni habari ya mbali. Uvira iko kama kilomita 80 kwa mstari wa ndege, na kwa barabara inategemea mvua, madaraja na wenye bunduki. Kutoka Bukavu hadi Kinshasa ni kilomita kama 1,500 angani. Februari 2025 Bukavu ilipochukuliwa na waasi wa M23, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, na njia ile nayo ikakatika. Kijiti cha pamba kinachongoja wiki mbili kina maana ndogo kwa mama aliyelala na watoto wanne chumba kimoja katika kambi ya wakimbizi ya Lusenda. Hadi jibu lirudi, ameshawauguza wote.

Njia ya kupunguza umbali huo ipo, na si ya kubuni. GeneXpert, mashine ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2010 kwa kifua kikuu, hufanya PCR yote ndani ya kartriji iliyofungwa: kusafisha, kupasha, kupoza, kusoma mwanga. Haihitaji vyumba tofauti, na mtu aliyefundishwa kwa muda mfupi anaweza kuiendesha. Mashine ileile hupokea kartriji za kifua kikuu, za Ebola na za mpox. Inachodai ni umeme usioyumba na chumba kisichozidi nyuzi 30, na katika mwambao wa Tanganyika hayo mawili ni gharama ya kweli: paneli za jua, betri, feni au kipoza hewa.

Gharama kubwa zaidi ni kartriji. Mwaka 2023, baada ya miaka ya shinikizo, bei ya ile ya kifua kikuu kwa nchi maskini ilishushwa hadi dola 7.97. Ya mpox ilipohitajika Kivu ilikuwa karibu dola 20, ingawa Madaktari Wasio na Mipaka wamekuwa wakidai kwamba dola 5 zingetosha kwa kila kartriji na faida ikabaki. Familia nyingi za Fizi haziwezi kulipa dola 20 kwa jibu, na wala hazipaswi kulipishwa. Bei ya mpox ishushwe kama ilivyoshushwa ya kifua kikuu. Na hospitali yoyote ya mwambao inayopima kifua kikuu kwa mashine hii ipewe kartriji za mpox kabla ya mlipuko ujao, zikae kwenye kabati lake, mganga asilazimike kuziagiza Kinshasa siku ambayo mgonjwa wa kwanza amekwisha kuingia mlangoni.